Uta wa Mzee Huko Wisconsin

Mwaka 2023, mwezi wa Oktoba, nilipata bahati ya kwenda Marekani kumtazama kaka yangu, ambaye ameoa huko na kukaa miaka mingi. Tangu nirudi wengi mmeniuliza habari za ndege, za majumba marefu na za baridi. Hayo mtayasikia kwa wengine. Mimi nataka kuwasimulieni habari za juma moja tulilolitumia kumtafutia baba mkwe wa kaka yangu uta wa kuwindia, kwa sababu jambo hilo lilinirudisha kwetu Sikonge kuliko nilivyotazamia.

Kwanza jueni mahali penyewe. Ukishuka Chicago, waenda kaskazini kwa motokaa saa tatu na nusu hivi mpaka mji wa Green Bay, katika jimbo la Wisconsin. Toka hapo yaanza rasi ndefu kama kidole, iitwayo Door. Upande mmoja ni ghuba, na upande wa pili ni Ziwa Michigan, ambalo kwa ukubwa limepungukiwa kidogo tu na Nyanza yetu. Ni nchi ya ng'ombe wa maziwa na mashamba ya mahindi, na katikati ya mashamba wameacha vipande vya msitu. Mwezi huo wa Oktoba majani hugeuka mekundu na manjano kabla ya kupukutika, hata mgeni hudhani msitu unawaka moto usio na moshi. Humo hukaa kulungu wenye mkia mweupe, nao jioni hutoka kula mahindi ya watu kama nguruwe-mwitu wetu, ila hao hawangoji hata giza liingie.

Wenyeji huwawinda na kula nyama yao. Wiki ya bunduki ni siku tisa tu, mwezi wa Novemba. Lakini majira ya uta ni marefu: huanza katikati ya Septemba na kuendelea hata kuingia Januari. Kwa hiyo mzee apendaye kukaa msituni kwa utulivu, hayo ndiyo majira yake.

Mzee wetu huyo alikuwa na miaka 74. Amefuga ng'ombe maisha yake yote, na tangu utotoni amewinda kwa uta wa kuvuta kwa mkono. Basi bega la kulia likaharibika, akapasuliwa, na daktari akamkataza kuvuta uta tena. Misimu miwili ikapita akiketi dirishani, akiwatazama kulungu katika mahindi yake mwenyewe. Shemeji yangu aliniambia, "Shemeji, baba hanung'uniki. Afadhali angenung'unika."

Akakata shauri kumnunulia uta wa namna nyingine. Kwa Kiswahili sijui mtu aliyeupa jina, basi mimi nauita uta wa kitako. Fikirini uta mfupi uliolazwa juu ya gogo la bunduki. Upote ukishavutwa nyuma hunaswa na mtambo, ukabaki pale wenyewe. Wewe waweka mshale mfupi juu ya reli, waegemeza kitako begani, walenga, wafyatua kwa kidole. Katika uta wetu wa kawaida, kazi si kuuvuta tu, bali ni kuushika umevutwa mpaka mnyama ageuke vizuri. Hapo ndipo bega la mzee hushindwa. Uta wa kitako huondoa kazi hiyo ya kushika.

Usidhani ni kitu kipya. Wachina waliutumia kabla ya Kristo. Mwaka 1139 Mtaguso wa Pili wa Laterano, chini ya Papa Inosenti II, ulikataza watu kuutumia pamoja na mishale juu ya Wakristo, kwa jinsi ulivyokuwa wa kuua. Hawakusikia sana: mwaka 1199 mfalme Richard wa Uingereza alikufa kwa jeraha la uta wa namna hiyo huko Ufaransa. Katika Wisconsin, zamani wawindaji walioruhusiwa kuutumia katika majira ya uta walikuwa walemavu na wazee waliotimiza miaka 65. Tangu 2014 kila mwenye leseni yake aweza.

Sasa, kaka na shemeji walikuwa wamekwisha kuchagua katika kitabu cha picha. Ulikuwa wa bei ya dola elfu mbili na zaidi, na ati mshale wake huenda futi 400 kwa sekunde moja. Walitaka kumpa Mzee bila yeye kujua, siku ya kuzaliwa kwake. Walipokuwa wakinionyesha picha hiyo kwa furaha, mimi nilinyamaza.

Nawaambieni sababu, ingawa si sifa kwangu. Baba yetu sisi alikuwa mrina asali na mwindaji. Uta wake ulitundikwa darini juu ya kitanda chake tangu sijazaliwa. Macho yake yalipoanza kufifia, mimi niliye karibu naye nilimwondolea kazi za porini, na siku moja nikauteremsha ule uta nikampa mjomba. Niliona nimefanya jambo la akili. Baba hakusema neno. Jioni alinyosha mkono juu darini, akapapasa, akaurudisha. Kaka alikuwa Marekani, hakuliona hilo. Basi usiku ule nilimweleza, nikasema, "Kaka, mwende na Mzee mwenyewe dukani. Mikono itakayoushika ni yake."

Alikasirika kidogo, maana nilimharibia mshangao wake. Asubuhi yake tukaenda wanne.

Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Hakuanza na bei. Alimwuliza Mzee maswali kama daktari: bega lipi, nyonga zikoje, awinda peke yake au na mtu, mtini au chini. Kisha akaweka mezani ule wa dola elfu mbili tuliouona katika picha, akamwambia autege.

Wasomaji, hapo ndipo penye habari. Upote wa uta ule wavuta ratili 200, yaani kilo 90 na ushei. Kuutega kwa mikono mitupu, waingiza mguu katika kikuku cha chuma kilicho mbele, wainama, wavuta kwa mikono miwili mpaka kiunoni. Ipo kamba yenye kapi ambayo hupunguza uzito huo nusu, lakini nusu ya kilo 90 bado ni nusu gunia. Mzee aliingiza mguu, akainama, akaishika kamba. Alivuta mara moja, akasimama wima, akacheka kidogo, akaurudisha mezani. Shemeji alitazama pembeni.

Mwenye duka akaleta wa pili, wa ratili 150, wenye mkono wa kuzungusha kitakoni, mfano wa mtu avutaye ndoo kisimani kwa roda. Mzee akazungusha polepole, na nguvu aliyotumia haikupita ile ya kuinua ndoo ndogo ya maji. Upote ukanaswa. Shemeji akapiga makofi. Lakini Mzee aliuliza swali ambalo sisi vijana hatukuliwazia kabisa: "Na jioni nisipopiga kitu, nautegua namna gani?"

Kumbe hilo ndilo jambo kubwa. Uta uliotegwa hauwezi kufyatuliwa mtupu bila mshale. Ukifanya hivyo nguvu yote hurudi katika mbao na upote, navyo vyaweza kupasuka usoni pako. Wengi huutegua kwa kupiga mshale mmoja katika udongo laini au katika shabaha. Ile mitambo ya kuzungusha, mingine humruhusu mtu kuurudisha upote taratibu, lakini si yote. Na ipo ambayo mkono ukikuponyoka huzunguka kwa kasi ukakuvunja vidole. Mwenye duka alileta ule ambao ukiuachia husimama wenyewe. Mzee aliutega na kuutegua mara nne, na mara ya nne alifumba macho.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Alikalishwa kitini kama atakavyokaa msituni, akapewa kijiti cha kuegemezea, kwa maana uta wa kitako una uzito wa kilo tatu na zaidi na sehemu kubwa iko mbele. Akaonywa kidole gumba kikae chini ya reli daima, kwani upote hukikata kama kisu. Darubini ndogo juu yake ilimfaa macho. Akapiga mishale mitatu kwa hatua thelathini, yote ikaingia mahali pa ukubwa wa sahani ya chai. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ule wa kwanza. Fedha iliyosalia shemeji alinunua hema dogo la kukalia chini, maana Mzee alikuwa bado anasema habari za kupanda mtini, na kule miti imewavunja wawindaji wengi.

Nilikaa naye hemani asubuhi mbili, nimejifunika mablanketi mawili na bado natetemeka. Siku ya pili akaja kulungu jike, akasimama akila mahindi. Mzee aliinua uta, akatazama darubinini muda mrefu. Kisha akaushusha, akanong'ona, "Hatua hamsini. Mbali." Tukarudi nyumbani mikono mitupu, naye akaongea njia nzima, tena mezani akaongea mpaka chai ikapoa.

Niliporudi Sikonge nilikwenda kwa mjomba kabla ya kufungua masanduku. Uta alikuwa nao, nyuma ya mlango, upote umekatika na panya wameguguna ngozi ya mshikio. Hauendi porini tena, kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya 2009 yataka kibali, na baba mwenyewe haoni tena hatua kumi. Nilimwekea mapajani bila kusema kitu. Aliupapasa toka ncha hata ncha. Akauliza nani aliyeuacha ukauke hivi, nikamjibu kwamba ni mimi. Akaniagiza kano za ng'ombe kwa mchinjaji, na Jumamosi hiyo nilimkuta barazani anasokota upote mpya.