"Kwangu Inafanya" Si Jibu

Wasee, majuzi nilimkosea mathe mmoja heshima juu ya faili moja tu.

Ana saiba Kisumu. Nilimwandikia programu ya kutoa risiti zenye ile miraba ya kuskani na simu. Ana kompyuta mbili, moja Windows, moja Linux. Kwa Windows ikaingia fiti. Kwa Linux ikakataa, ikilia ati maktaba ya kuchora miraba, libqrencode, haionekani. Na laptopu yangu hapa Nairobi ni Linux pia, inafanya poa! Nikamjibu, "Mama, kwangu inafanya. Hiyo mashine yako imezeeka."

Akanyamaza kidogo. "Kijana wangu, ama ni yale masomo uliacha katikati?"

Manze, hiyo iliniuma. Sikulala.

Windows, ukiweka faili ya .dll kando ya programu, itaiona, maana hutafuta kwa folda ya programu. Mimi nikadhani Linux ni vivyo hivyo, nikamwekea .so hapo kando. Wapi! Linux haiangalii hapo mpaka uiambie.

Nikamwomba aandike ldd na jina la programu. Hiyo huorodhesha maktaba zinazohitajika na mahali kila moja imepatikana. Ya miraba: haipo. Nikachungulia programu yangu na readelf -d. Ndani nikapata anwani ya folda iliyo kwa laptopu yangu pekee. CMake, niliyotumia kujenga programu, huiandika yenyewe. Ndiyo maana kwangu ilikuwa inafanya.

Ni kama kumwambia mgeni, "Pinda kwa duka la Mama Shiro," na yeye yuko Kisumu. Hilo duka liko mtaa wangu tu.

Dawa ilikuwa kubadilisha hiyo anwani iwe $ORIGIN, yaani, "Anza kutafuta hapo ulipo." Nikajenga upya, nikaijaribu kwanza kwa laptopu ya beshte ambayo haikuwa na libqrencode, ndio nikatuma. Risiti ikatoka.

Nikampigia. "Mama, mashine yako haina shida. Kosa lilikuwa langu, nisamehe."

"Ungeangalia kwako kwanza," akasema. Halafu akanitumia salio langu.

Siku hizi sisemi kazi imeisha mpaka ifanye kwa mashine isiyonijua. Na wewe, ni nani ulimwambia "kwangu inafanya" na hujawahi kumpigia?