Mdachi, Mholanzi na Msomi wa Msata

Mzee wa Msata akiambiwa kuwa mjukuu wake anakwenda Ulaya kusomea lugha, utamaduni na historia ya Waholanzi kwa shahada ya uzamili, huenda akauliza: hiyo si lugha ya Mdachi? Swali hilo lina msingi. Katika Kiswahili Mdachi ni Mjerumani, kutokana na neno Deutsch, na Bagamoyo, makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, haiko mbali na Msata. Waingereza walichukua neno la asili hiyo hiyo wakamwita Mholanzi Dutch. Aidha, mzee huyo anamjua kaburu bila kujua kwamba neno hilo latokana na boer, yaani mkulima kwa Kiholanzi.

Swali lililo zito zaidi ni la faida. Mwaka 1958 Jan Knappert alipata udaktari Leiden kwa tasnifu juu ya Utenzi wa Herekali, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Tasnifu hiyo imeandikwa kwa Kiholanzi. Tafsiri za Knappert zimekosolewa na wengi, wala si bila sababu; lakini mkosoaji asiyesoma Kiholanzi anamdaka mtu katikati ya safari, kwa vitabu vyake vya baadaye vya Kiingereza.

Kuna na nyaraka za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa 1602. Merikebu zake zilitoka Rasi ya Tumaini Jema kuja pwani ya Waswahili kutafuta watumwa. Shajara mbili za safari hizo, za 1776 hadi 1778, zilitolewa kwa Kiingereza na Robert Ross mwaka 1986. Asomaye tafsiri hupata habari, ila neno lililotumiwa kumtaja mtawala wa pwani, au mtu aliyeuzwa, limekwisha kupita mikononi mwa mwingine. Kwa mwanaisimu hasara hiyo si ndogo.

Lugha yenyewe haitishi. Sauti ya g inayowatesa Waingereza, kwa Mswahili ni gh ya ghali au kh ya kheri, kutegemea eneo. Nomino zinazogawanyika kwa de na het zingekuwa mchezo kwa aliyelelewa katika ngeli za Kikwere na Kiswahili, lau zingekuwa na viambishi vya kumwongoza. Hazina, na hapo ndipo penye kazi. Kitenzi nacho, katika kishazi tegemezi, husogea hadi mwisho.

Mjukuu akirejea, itambidi amweleze babu kwamba Mholanzi si Mdachi. Halafu aongeze kuwa hata jina Uholanzi lina kasoro: Holland ni majimbo mawili tu kati ya kumi na mawili ya nchi ile.