Fundi Cherehani na Shali ya Thakur

Mjukuu wa mzee mmoja wa Isevya, Tabora, haangalii picha kabla hajaona kwenye simu imepewa nyota ngapi. Juzi alimuuliza babu yake zamani walijuaje picha ipi nzuri, wakati intaneti haikuwapo. Mzee alikereka. Akajibu kwamba Gongoni, hapo hapo Tabora, kulikuwa na fundi cherehani.

Mikebe ya filamu ilikuja kwa treni. Reli ya Kati, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, iliifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na kama enzi za wapagazi, habari zilitangulia mzigo. Watu wa reli waliokwisha kuiona picha Dar es Salaam au Dodoma waliisifu au kuiponda pale stesheni kabla mikebe haijashushwa. Uhakiki uliofuata ulitoka barazani kwa fundi.

Baraza hilo lilinuka mafuta ya mashine na pasi ya mkaa. Fundi aliingia ukumbini siku ya kwanza, akakaa nyuma, na kesho yake wateja walimletea suruali zisizo na kasoro yoyote ili wapate kumsikia. Hakuanza na nzuri wala mbaya. Aliuliza, "Umeona nini?" Aliyejibu kwamba picha ilikuwa kali alirudishiwa suruali yake.

Chukua picha ya Kihindi, Sholay, iliyozinduliwa India tarehe 15 Agosti 1975. Baadhi ya wahakiki wa huko waliiponda, na tuzo za Filmfare zikaipa moja tu, ya uhariri. Watazamaji hawakujali, ukumbi wa Minerva, Bombay, uliionyesha kwa miaka mitano. Ilipofika Tabora vijana walirudi mitaani wakiiga kicheko cha Gabbar Singh, jambazi wa picha hiyo. Fundi akawaambia kwamba ni ndefu mno, inapita saa tatu, na imekopa mengi kwa picha za makauboi.

Walimzomea. Wao kwa wao walikuwa na ubishi mwingine kuhusu mashujaa wawili wa picha, Jai na Veeru: Jai amekufa, na kila mtoto wa Tabora alijua steringi hafi. Basi steringi ni Veeru?

Fundi akauliza kama kuna aliyeiangalia shali ya Thakur, yule aliyewakodi Jai na Veeru wamkamate Gabbar. Kabla picha haijafichua kwamba Gabbar alimkata mikono, Thakur anatembea amejitanda shali, hashiki kitu. Fundi, ambaye riziki yake ilikuwa mikono ya mashati, alishtuka mapema. Vijana walilipa kiingilio tena ili wamkamate kwa uongo. Walitoka wakiipenda Sholay vilevile na wakimwona fundi mkaidi vilevile, ila sasa walizozana kuhusu shali, na kuhusu sarafu ya Jai yenye sura moja pande zote mbili: anayeirusha anacheza bahati au keshaamua peke yake? Fundi hakumvuta hata mmoja upande wake, wala hakuwa na haja hiyo.

Mengine yalikwenda mbio. Televisheni ilianza Bara mwaka 1994, vibanda vya video vikajaa, na Lufufu akasikika akitafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili, akichomeka maoni yake katikati ya maneno ya wahusika. Mzee alimpenda, huyo naye alikuwa mhakiki, tena asiyesubiri kesho. Zikaja filamu za Kitanzania, Bongo Movie, na mwigizaji wake Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, kwenye reli ya Mwanza. Waandishi walilalamikia sauti mbovu na hadithi zilizovutwa zitoshe sehemu mbili, wanunuzi wakaendelea kununua. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika Dar es Salaam kumzika ulikuwa na hoja yake. Sauti za filamu zile, mzee anasema, hazikusikika vizuri zaidi kwa sababu waombolezaji walikuwa wengi.

Leo filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, mzee anaijua kwa sifa tu. Anataka mtu aliyeiona amwambie kilichomo, hata kwa kuiponda. Nyota za kwenye simu haziulizwi ziliona nini. Mzee alimwandikia mhariri mmoja kupendekeza safu ya uhakiki wa filamu. Mhariri alimjibu kwamba wasomaji wanataka kujua nani kaachana na nani.