Kutafuta Nyumba Mwezi wa Mei

Treni ya Borealis huondoka Chicago kabla ya adhuhuri na, mwezi wa Mei, hufika Saint Paul jua halijazama. Ilianza safari zake Mei 2024, na kwa mtu asiyependa kushika usukani kutwa nzima ni neema. Sehemu kubwa ya Wisconsin ni mashamba tu, na msafiri akilala hapotezi kitu. Inafaa aamke La Crosse, maana hapo reli huvuka mto Mississippi na kuufuata ukingoni kupitia Winona na Red Wing, magenge ya mawe upande mmoja, maji upande wa pili.

Kwenye kiti cha mbele yangu mume na mke vijana hawakuutazama mto hata mara moja. Walikuwa wakipeana simu, wakitazama picha za majiko. Jiko jeupe, jiko la kijivu, jiko lenye meza ya mawe katikati. Kila picha walibishana bei kwa sauti ya chini. Walinifurahisha, kwa sababu safari yangu ilikuwa ya shughuli hiyo hiyo: mdogo wangu na mumewe, baada ya miaka mingi ya kupanga, waliamua kununua nyumba, na waliniita nikawe jicho la tatu.

Minneapolis na Saint Paul huitwa Miji Pacha, na ukijumlisha vitongoji vyake ni eneo la watu zaidi ya milioni tatu na nusu. Shemeji alinipokea stesheni na hatukuwa tumefika hata barabara kuu alipoanza kulalamika. Barabara hii imefungwa, ile inachimbwa. Wenyeji wana utani kwamba Minnesota ina misimu miwili tu, baridi na ukarabati wa barabara. Barafu ikishayeyuka, lami huachwa na mashimo ambayo hata dereva wa daladala wa Tanga angeyaheshimu.

"Kaka, umekuja wakati wenyewe," aliniambia. "Kila mtu anahama."

Ni kweli. Nyumba za huku zina msimu kama maembe. Desemba na Januari mabango ya kuuzwa ni machache. Nani ataonyesha bustani iliyofukiwa na theluji, na nani atabeba kabati kwenye barafu? Aprili na Mei mabango yanachomoza kila mtaa. Shule zinafungwa Juni, kwa hiyo mzazi anataka kuwa amehama kabla watoto hawajarudi darasani Septemba. Mchana umerefuka, anayetoka kazini saa kumi na moja jioni bado ana saa tatu za mwanga. Halafu kuna maua. Mei milailaki inachanua kando ya kuta, na nyumba ambayo Februari ilionekana ghala inaonekana kasri.

Lakini wanunuzi ni wengi kuliko nyumba, na sababu yake nilielezwa na dalali wetu, mama mmoja wa Kisii anayefanya kazi hiyo Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini ambako Wakenya na Waliberia wamejaa. Januari 2021 wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65. Oktoba 2023 ulikuwa umepanda hadi asilimia 7.79, na tulipokuwa sisi barabarani ulikuwa bado unakaribia 7. "Sasa wewe fikiria," alisema. "Mtu ako na mkopo wa asilimia tatu. Auze, aende achukue mwingine wa karibu saba? Wacha! Atakaa hapo hapo hata kama watoto wanalala kwa korido." Basi nyumba zinazoingia sokoni ni za waliokufa, waliotalikiana, waliohamishwa kazi na wazee wanaokwenda kuishi na watoto wao. Na bei ya nyumba ya katikati, ile ambayo nusu ya nyumba zinauzwa juu yake na nusu chini yake, inakaribia dola 400,000.

Dalali hakutuonyesha mlango hata mmoja mpaka mdogo wangu na shemeji walipotia sahihi. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, baada ya kesi kubwa iliyokihusu chama cha kitaifa cha madalali, mnunuzi lazima awe na mkataba wa maandishi na dalali wake kabla ya kutembezwa, na ujira uandikwe humo. Nikakumbuka madalali wetu wa Dar es Salaam, wanaodai kwanza hela ya kuonyeshwa chumba, kisha kodi ya mwezi mmoja, na ukiwauliza karatasi wanakutazama kama umewatukana. Hapo Wamarekani nimewapa maki.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kusini mwa Minneapolis, si mbali na bustani ya Powderhorn. Kila mwaka mwanzoni mwa Mei mtaa huo hufanya sherehe ya kuyapokea majira ya kuchipua, na masanamu makubwa ya karatasi hubebwa barabarani. Desturi hiyo ilianza 1975. Tulipita pia pembe ya barabara ya 38 na Chicago, alipouawa George Floyd tarehe 25 Mei 2020. Shemeji alipunguza mwendo, akazima redio. Maua yapo, na sanamu ya ngumi iliyokunjwa ipo.

Nyumba yenyewe ilijengwa miaka ya 1920, mbao ngumu sakafuni, madirisha mapana. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni kama tuko msikitini, maana watu huruhusiwa kuingia wote kwa pamoja mwisho wa juma, na adabu ni kuvua. Mdogo wangu alilipenda jiko papo hapo. Mimi niliteremka besimenti.

Ardhi ya huku huganda wakati wa baridi, na kanuni za ujenzi za eneo hili zinadai msingi ushuke angalau inchi 42, zaidi ya mita moja. Ukishachimba kiasi hicho, mbona usiendelee kidogo upate ghorofa nzima ya chini? Ndiyo maana karibu kila nyumba ina besimenti, na humo ndimo nyumba huficha siri zake. Theluji inayeyuka Machi na Aprili, mvua zinafuata, maji yanatafuta ufa. Mwenye nyumba anachagua Mei kwa ajili ya maua, lakini ni Mei hiyo hiyo inayomchongea. Nilikuta ukuta umepakwa rangi mpya sehemu ya chini tu, kimo cha goti. Juu ya rangi, chembe nyeupe za chumvi zilikuwa zimeanza kutoka, dalili ya maji yanayopenya kwenye zege. Hewa ilikuwa na uvundo, na mtu alikuwa amewasha mshumaa wa harufu ya vanila kuufunika.

Nje, dalali alitueleza jambo lililonikaa kichwani kuliko chumvi ile. Hati za zamani za mitaa mingi ya mji huu zina sharti la rangi. La kwanza Minneapolis liliandikwa 1910: mali isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mwenye asili ya Kichina, Kijapani, Kituruki, ya Weusi au ya Afrika, na wengine kadhaa waliotajwa kwa orodha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika mradi uitwao Mapping Prejudice ulioanza 2016, wamepekua hati hizo na kuziweka kwenye ramani, na waliyoyakuta mjini yanahesabika kwa maelfu. Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia masharti hayo yasitekelezwe mwaka 1948, na sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi katika makazi. Wino haukufutika kwa hayo. Ni tangu 2019 tu sheria ya jimbo inamruhusu mwenye nyumba kusajili tamko la kulikana sharti lililo kwenye hati yake. Na matokeo yake yanahesabika hadi leo: katika Minnesota zaidi ya robo tatu ya kaya za Wazungu zinamiliki nyumba wanazoishi, na za Weusi ni kama tatu tu katika kila kumi.

Mdogo wangu alikuwa amepanga kumwandikia mwuzaji barua, na picha ya watoto ndani yake, kama alivyoona wengine wakifanya. Dalali alimkataza. Barua ya namna hiyo humpa mwuzaji nafasi ya kuchagua sura badala ya bei, na madalali wengi siku hizi hawaipokei kwa kuogopa sheria hiyo ya 1968. "Tunashindana na pesa na karatasi," alisema. "Watoto waache nyumbani."

Nyumba ya pili, kaskazini mashariki mwa Minneapolis, hatukuiona vizuri. Ulikuwa mwisho wa juma wa Art-A-Whirl, maonyesho ambayo wasanii wa upande huo wamekuwa wakifungua karakana zao kila Mei tangu 1996, na mitaa ilifurika. Tuliegesha mbali, tukapita jengo la zamani la kampuni ya mbegu ya Northrup King, ambalo sasa limejaa wachoraji na wafinyanzi, na watoto wakakataa kutoka humo. Nyumba ilikuwa ya familia mbili, juu na chini. Mji huu uliamua mwaka 2018 kuondoa sheria ya mitaa ya nyumba za familia moja tu, ukaruhusu hadi familia tatu kwenye kiwanja, nami nauona uamuzi wa busara. Hata hivyo tulipofika bango lilikuwa limeshawekwa alama kwamba ofa imekubaliwa.

Njaa ikatupeleka Karmel, soko la Wasomali kusini mwa mji, lenye vichochoro vya maduka ya madira, manukato, simu na vinyozi. Tulikunywa chai ya maziwa yenye iliki na sambusa za nyama. Mwenye mgahawa aliposikia lugha yetu aliingia nayo bila kubisha hodi, Kiswahili cha Eastleigh, haraka na chenye mzaha. Miaka ya Kenya haijamtoka. Tukiwa pale wakati wa adhuhuri ukaingia. Minneapolis ni mji mkubwa wa kwanza wa Marekani kuruhusu adhana zote tano kwa vipaza sauti. Baraza la mji lilipitisha hilo Aprili 2023.

Hapo ndipo mdogo wangu alipofungua lililokuwa likimsumbua: riba. Hataki kulala miaka 30 ndani ya riba. Mwenye mgahawa, ambaye yeye mwenyewe ameshanunua, akavuta kiti. Kuna kampuni, alisema, zinazonunua nyumba na kukuuzia kwa bei ya juu zaidi utakayolipa kidogo kidogo, ndiyo murabaha. Au mnainunua kwa ubia, wewe ukilipia sehemu yao na kodi ya kuitumia mpaka yote iwe yako. Shemeji akasema hesabu ya mwezi inakaribiana na ya benki. "Inakaribiana," mwenye mgahawa alikubali. "Na nyama ya halali na isiyo halali bei inakaribiana." Mdogo wangu akacheka, na suala likaisha pale mezani. Mimi bado naona wanalipa pesa nyingi kwa vyovyote, lakini si nyumba yangu wala si dhamiri yangu.

Ya tatu ilikuwa Brooklyn Park, karibu na walikokuwa wakipanga: vyumba vinne, gereji ya magari mawili, besimenti kavu. Kila mtu aliyeingia aliiona hivyo hivyo. Ofa zilitakiwa kufika Jumatatu adhuhuri. Dalali alitufundisha mbinu za mashindano. Kuna ofa inayopanda yenyewe: unasema utamzidi mwenzako kwa dola 2,000 mpaka kikomo ulichotaja. Kuna kuongeza arubuni ili mwuzaji aone huna mzaha. Na kuna kuacha haki ya ukaguzi, yaani kuahidi kuipokea nyumba ilivyo bila fundi kuipitia. Mwuzaji huipenda hiyo kuliko dola.

Walibishana usiku hadi watoto wakalala. Shemeji alitaka kuuacha ukaguzi. Amechoka kupandishiwa kodi kila mwaka. Mimi nilisimama upande wa mdogo wangu. Ukaguzi ni dola mia kadhaa, na unachokikwepa kinaweza kuwa tanuri la kupasha joto lililopasuka, paa la kubadilishwa, au gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, inayopanda kutoka udongoni na kukusanyika besimenti. Idara ya afya ya jimbo inasema nyumba kama mbili katika kila tano za Minnesota zina kiwango cha hatari, na kwa wasiovuta sigara gesi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya saratani ya mapafu. Mwuzaji analazimika kisheria kusema anachokijua kuihusu. Halazimiki kupima.

Waliweka ofa nzuri, ukaguzi ukiwa ndani. Jumatatu jioni dalali alipiga simu: nyumba imekwenda kwa mwingine, aliyeacha ukaguzi.

Nilikuwa nimesharudi Chicago waliponipigia kuniambia wamepata nyingine mitaa michache kutoka ile, jiko la zamani, zulia baya, imekaa sokoni wiki kadhaa kwa sababu haipendezi kwenye picha. Mkaguzi aliichukua asubuhi nzima. Radoni ilizidi kipimo, na mwuzaji akakubali kulipia bomba na feni ya kuitoa nje kupitia paa. Pampu ya maji ya besimenti ilikuwa mpya. Walikabidhiwa funguo kabla shule hazijafunguliwa. Kodi ya majengo hapa hulipwa kwa mafungu mawili, na la Mei lilikuwa limelipwa na mwenyewe wa zamani. La kwao lilikuwa la tarehe 15 Oktoba.