Kusoma tena kitu unachokijua, kuna faida?

Jana jamaa ninayekaa naye chumba kanikuta nasoma Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa, kitabu cha 1990, kwa mara ya tatu. Akauliza, "Si unajua mwisho wake?" Najua. Ndo maana sikimbilii mwisho. Kidato cha pili nilikisoma chini ya dawati natafuta mapenzi tu. Sasa hivi naona pesa na jinsi mji unavyonunua watu.

Katuni za Sani hivyo hivyo. Utotoni Lodi Lofa alinivunja mbavu: lodi, halafu lofa! Juzi nimemkuta kwenye toleo kuukuu la mjomba, kicheko kikaishia njiani. Bumu halijatoka, shati nimeazima, na kuna binti nimemdanganya kwetu tuna gari. Lodi Lofa ni mimi jamani!

Sisemi vyote virudiwe. Hadithi nyingi za mapenzi, ukishajua nani kamwoa nani, basi tena, zimekauka. Cha kurudia ni kile kinachokuumbua.

Kesho namwambia binti ukweli. Niombeeni, teh teh!