Mwanya

Washairi wa pwani na wa bara hawapatani katika mengi, lakini katika sifa ya mwanya wamepatana. Mimi nilijifunza utunzi peke yangu, kwa mwanga wa koroboi, mwalimu wangu akiwa kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Shairi langu la kwanza lililotimia vina na mizani lilimsifu msichana wa Kalemela mwenye mwanya. Msichana huyo alikuja kuwa mke wangu. Alifariki mwaka 2016, akaniachia binti mmoja aliyeurithi mwanya ule ule.

Kalemela ni kata ya wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, upande wa Ziwa Viktoria. Hapa watu hung'oa jino linalouma; kulinyoosha jino lisilouma ni jambo la kushangaza. Basi binti yangu alipotimiza miaka 14 akaniambia, "Baba, nataka vyuma vya meno," nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya watoto wa mjini. Sikumwambia kweli. Nilikuwa nauhofia mwanya.

Lakini shida yake haikuwa ya urembo tu. Meno ya juu yalikuwa yametokeza mbele, ya chini yamesongamana na kupandana, na kila alipouma chakula yalimchoma kaakaani. Alicheka huku amefunika kinywa kwa kiganja. Darasani alijua jibu akanyamaza. Niliuza ng'ombe mmoja, nikaongeza ujira wa tafsiri, tukapanda basi kwenda Mwanza.

Daktari alimpiga picha ya eksirei, kisha akatueleza kwa upole. Kila jino hubandikwa kijichuma kwa gundi, na waya mmoja huvipitia vyote. Jino limekaa katika mfupa ulio hai: upande unaosukumwa mfupa huyeyuka kidogo kidogo, na upande wa pili hujengwa mfupa mpya. Nguvu sharti iwe ndogo na ya kudumu, kwani ikizidi huudhuru mzizi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; daktari alisema hata mtu mzima hunyooshwa, ila kwa muda mrefu zaidi.

Nilimwuliza kwa sauti ya chini kama mwanya ungeweza kuachwa.

"Inawezekana," akajibu. "Lakini muulize mwenye kinywa."

Mwenye kinywa alikuwa amesikia. "Mama alikuwa na kinywa chake, baba. Hiki ni changu."

Siku za kwanza alikunywa uji na mchuzi wa sato. Waya ulipomkwaruza shavu, alibandika kipande cha nta juu yake na kusukutua kwa maji ya chumvi. Kila baada ya mlo alipiga mswaki mlaini, juu na chini ya waya, kisha akapitisha kiburashi chembamba kati ya jino na jino, kwani uchafu ukilala pembeni mwa kijichuma huacha doa jeupe lisilofutika kwa urahisi. Aliacha miwa na mahindi ya kuchoma. Matobolwa yalimshinda: viazi vile vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa hukauka kama mti, na kipande kimoja kilimng'oa kijichuma, tukarudi Mwanza kabla ya siku yetu.

Kwa miaka mingi nimewatetea wanaosema shairi lisilobanwa na vina na mizani si shairi. Lakini nilipouona waya kinywani mwa mwanangu, nilijikuta upande wa Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hili, aliyetoa Kichomi mwaka 1974 na kuwaudhi watu wa arudhi kama mimi.

Baada ya miezi 22 vyuma vilitolewa. Meno yalikuwa safu moja, na mwanya haukuwapo. Daktari alimpa kibanio cha plastiki cha kuvaa kila usiku, akaonya kwamba nyuzi za ufizi hukumbuka mahali pa zamani, na kwamba mwanya ndio wenye ukaidi kuliko vyote.

Mwaka 2024, binti akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, kibanio kilisahauliwa rafuni. Jumatatu moja asubuhi alicheka, mkono haukwenda kinywani, nami nikaona katikati ya meno ya mbele ufa mwembamba kama uzi. Mama yake alikuwa amerudi kuketi nasi. Nilifurahi, msomaji, na sikusema neno. Jumanne sikusema. Jumatano nilimchekesha makusudi ili niutazame tena.

Usiku wa Alhamisi nilikitwaa kibanio, nikakiosha kwa maji baridi, kwani ya moto hukipinda, nikakiweka kando ya taa yake.

"Mwanangu, mwanya unarudi."

Alijitazama kiooni. "Umeuona lini, baba?"

"Jumatatu."

Alinitazama kwa muda, akahesabu siku, asinilaumu. Kisha akakivaa, kikambana hata machozi yakamlenga, akarudi kwenye vitabu vyake.

Lile shairi la kwanza bado limo daftarini. Sijabadili hata silabi moja, kwa maana linamsifu mtu mwingine.