Tarakilishi kuukuu na chumvi ya bahari

Leo tuzungumze juu ya mashine ambayo dukani hakuna anayeitazama mara mbili: IBM ThinkPad T42, ya mwaka 2004. Hii ninayoitunza mimi inakaa upande wa Kilifi, chini ya banda la makuti, hatua chache kutoka majini. Kazi yake ni moja tu: kuandika kilo za samaki za kila mvuvi, ili Ijumaa kila mtu alipwe haki yake. Zamani hesabu ilikuwa daftarini. Daftari likilowa, ugomvi.

Wengi hudhani adui ni joto. Joto lipo, lakini chumvi imelizidi. Ikishatua juu ya bodi hutulia mpaka unyevu wa hewa ufike kama asilimia 75. Hapo huanza kuvuta maji yenyewe, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Ndiyo maana mashine yaweza kufa usiku bila tone la mvua.

Basi nafanya hivi. Kwanza, haizimwi usiku. Mtashangaa, lakini mashine yenye vuguvugu haishiki umande kama iliyopoa. Kinachozimwa ni skrini, maana umeme ni wa sola na betri ya gari. T42 hutaka volti 16, kwa hiyo kuna kifaa kidogo cha kupandisha zile 12.

Pili, nimeng'oa diski nikaweka kadi ya CompactFlash kwa adapta. Kadi hiyo inaelewana na IDE bila taabu, wala haina kinachozunguka ndani.

Tatu, programu niliyoiandika huhifadhi kila kipimo papo hapo katika SQLite. Umeme ukikatika, kinachopotea ni kipimo kimoja, na samaki mwenyewe bado yuko mizanini!

Nne, kila mwezi naifungua. Feni napiga brashi, bodi naifuta kwa alkoholi ya isopropili, na meno ya RAM nayasugua kwa raba ya shule. Wakati wa kusi nafanya hivyo mara mbili.

Mzee wa mizani aliniuliza, "Mwanangu, hii ikifa tutarudi kwenye daftari?" Swali zuri. Vipuri ninavyo, lakini programu nazo huzeeka: Debian 12 ya 2023 ndiyo ya mwisho kuja na kisakinishi cha mashine za biti 32. Debian 13 ya 2025 haina. Kwa kuwa mashine yetu haijaunganishwa na intaneti, haraka si kubwa, ila mwisho wake unaonekana.

Nikamjibu hivi: kila Ijumaa hesabu yote inanakiliwa kwenye flashi yake, katika faili ya maandishi matupu ambayo tarakilishi yoyote yaweza kuisoma. Mashine na ife siku yake ikifika. Kilo za watu zisife nayo.

Haya, kwaherini kwa leo.